Barabara ya Upweke na Vituo Vyake

Somo la vikundi vya nyumbani. Soma kabla ya kukutana: 1 Wafalme 19:1–18

Jumapili tulimwacha Eliya amelala chini ya mretemu, ameshaomba afe. Hebu rudini nyuma kidogo, kabla ya huo mti. Mstari wa tatu unasema alimwacha mtumishi wake Beer-sheba. Kisha akaingia jangwani mwendo wa siku moja, peke yake. Tunahubiri sana malaika na mkate, lakini huyu mtumishi aliyeachwa nyuma tunampita mbio. Wiki hii nataka tukae hapo, na ili tuelewe nitawapeleka jangwa lingine, mbali na la Eliya: Nevada, kule Marekani. Sababu ya kuchagua Nevada mtaiona mbele.

Sisi tukisikia jangwa tunafikiria Chalbi: tambarare, chumvi na joto. La Nevada ni la milimani. Mji wa Ely, ulio katikati ya jangwa hilo, uko karibu mita 1,960 juu ya bahari, juu kuliko Nairobi. Mashariki yake kuna mlima unaoitwa Wheeler Peak, mita 3,982, yaani chini ya Point Lenana kwa kama mita elfu moja tu. Mbona basi ni jangwa, na milima tunajua inaleta mvua? Upepo kutoka Bahari ya Pasifiki hugonga kwanza milima ya Sierra Nevada, ukapanda, ukapoa, ukamwaga maji yake upande wa magharibi. Ukivuka kuingia Nevada umeshakauka. Na hata maji kidogo yanayonyesha huko hayafiki baharini: yanaishia katika maziwa ya chumvi au kunywewa na mchanga. Ndiyo maana nchi hiyo inaitwa Great Basin, yaani beseni kubwa. Kinachoingia hakitoki.

Katika beseni hilo inapita barabara nambari 50. Unashuka bonde, unavuka, unapanda mlima, unashuka bonde lingine, hivyo hivyo kutwa nzima. Kutoka Fallon hadi Austin ni kama kilomita 177, na Austin penyewe ni kijiji tu. Kutoka Austin hadi Eureka, 113. Eureka hadi Ely, 124. Mwaka 1986 jarida la Life liliiita barabara yenye upweke kuliko zote Marekani, na halikuwa linasifu. Lilionya watu wasiipite kama hawajiamini. Mnajua watu wa Nevada walifanya nini? Walichukua hayo matusi wakayafanya tangazo. Walichapisha kijitabu cha msafiri, ukipita kila mji unagongewa muhuri, na watu wakaanza kuja kwa sababu ya upweke huo huo. Mimi niliyesomea biashara nawapa heko.

Lakini hadithi ninayoitaka ni ya zamani kuliko lami. Mwezi wa Aprili 1860 kampuni moja ilianza kupeleka barua kwa farasi kutoka Missouri hadi California, kama kilomita 3,100, kwa siku kumi hivi. Iliitwa Pony Express, na sehemu ya Nevada ilifuata njia ambayo barabara ya 50 iko karibu nayo mpaka leo. Mpandaji alikuwa kijana mwembamba, peke yake na mfuko wa ngozi, usiku na mchana. Mmoja wa wenye kampuni, Alexander Majors, alikuwa mcha Mungu. Waajiriwa waliapa kwamba hawatatukana, hawatalewa wala kupigana, na walipewa Biblia.

Picha ya yule kijana mmoja juu ya farasi ndiyo watu wameipenda miaka yote hii. Ukikaa na hesabu unaona kitu tofauti. Kijana yule alibadilisha farasi kila kilomita 16 hadi 24 hivi. Maana yake nini? Ni kwamba njia nzima ilikuwa na vituo zaidi ya 150, kila kimoja na mtu aliyelisha farasi, aliyetandika tandiko, aliyejua saa ngapi barua inatarajiwa na akatoka nje kutazama vumbi. Upweke wa mtu mmoja ulishikiliwa na mamia ya watu ambao hakuna anayewachora. Pesa zilienda huko. Walianza kutoza dola 5 kwa barua ya gramu 14, na bado haikulipa. Oktoba 1861 waya wa simu za maandishi ulipokamilika, kampuni ikafunga, miezi 18 tu.

Mei 1860 vita vilizuka kati ya Wapaiute na walowezi. (Wapaiute walikuwa na kesi yao, ile ilikuwa ardhi yao, msisome habari hii kama sinema.) Robert Haslam alifika kituoni, na mpandaji aliyekuwa apokee mfuko akakataa kwenda. Haslam akaendelea mwenyewe. Inasimuliwa kwamba alienda na kurudi karibu kilomita 610 kwa jumla. Wakati wa kurudi akafika kituo cha Cold Springs na kukuta mlinzi ameuawa na farasi wameswagwa. Fikiria hapo. Ametegemea farasi mpya, maji, sauti ya mtu. Hakuna. Ni hapo tu ndipo alipokuwa peke yake kweli kweli.

Sasa niwaambie kwa nini Nevada. Mama mmoja wa kanisa letu ana mwana aliye Salt Lake City. Kijana amepanga kuendesha gari kupitia barabara hiyo, aliache chini ya Wheeler Peak, abebe begi mgongoni, alale mlimani siku tatu. Peke yake. Mama alitaka nimpigie simu nimkataze kwa jina la Yesu. Nilimpigia, lakini sikumkataza. Ana miaka 26, na sababu zake si za kipuuzi. Huko juu kuna misonobari iliyoishi zaidi ya miaka 3,000. Mmoja uliokatwa mlimani hapo mwaka 1964 ulikuwa na karibu 4,900. Ulikuwa umeshaota kabla Ibrahimu hajaitwa. Na giza la usiku ni giza halisi, nyota zinaonekana kama zilivyoonekana kwa Ibrahimu huyo huyo. Kijana akitaka kunyamaza mbele za Mungu mahali kama hapo, mimi ni nani?

Nilichomwuliza ni kuhusu vituo vyake.

Tulianza na maji. Jangwani hesabu ya kawaida ni kama lita 4 kwa mtu kwa siku. Siku tatu ni lita 12, na lita moja ya maji ni kilo moja, kwa hiyo kilo 12 za maji kabla hajaweka hata soksi. Akasema njia yake inafuata kijito cha Baker Creek. Sawa, lakini maji hayo lazima ayachuje au ayachemshe, na ndani ya gari abaki na madumu yaliyojaa, kwa sababu gari likiharibika barabarani hakuna kijito. Petroli ajaze kila mji, hata kama tangi liko nusu. Kisha kimo: kutoka mita 2,500 kwenda juu mwili unaweza kugoma, kichwa kikauma, chakula kikarudi. Kijana mwenye nguvu hugoma sawa na mzee. Dawa ya kwanza ni kushuka, na mtu aliye peke yake ndiye wa mwisho kukubali kwamba ameanza kuchanganyikiwa. Kiangazi radi hupiga kileleni alasiri, kwa hiyo apande alfajiri na kabla ya adhuhuri awe anashuka. Usiku, hata Julai, ni baridi kali.

Hayo yote alikuwa ameyasoma. Lililobaki tupu ni hili: nani anajua uko wapi? Simu huko mara nyingi haishiki mtandao. Eliya alimlilia Mungu kwamba amebaki yeye peke yake, na jibu alilopewa mwishoni lilikuwa na hesabu ndani yake, watu elfu saba, pamoja na jina la Elisha wa kutembea naye. Mungu hakumkemea kwa kwenda mlimani. Huko mlimani alisema naye. Lakini alimrudisha njiani akiwa na mtu.

Kwa hiyo kijana ameandika karatasi. Ina namba ya gari, njia atakayofuata, rangi ya hema na mahali pa kulala kila usiku. Nakala moja anaiacha kwa mwenzake wa nyumba, na walinzi wa mbuga atawaachia mpango wake atakapofika. Ameazima kifaa cha setelaiti kinachotuma ujumbe bila mtandao. Na tumekubaliana saa. Asiposikika mpaka Jumapili saa kumi na mbili jioni ya Salt Lake, mwenzake atawapigia walinzi, bila kungoja wala kuona haya.

Huko kukiwa saa kumi na mbili Jumapili jioni, huku kwetu ni saa tisa usiku wa kuamkia Jumatatu. Mama ameniambia atakuwa macho. Kikundi chake cha nyumbani kimesema kitakaa naye, na nimewaomba waanze saa mbili usiku ili wenye watoto wawahi kurudi nyumbani. Chai italetwa.