Vipimo vinasema niko sawa, mwili unakataa

Shikamoo Shangazi. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi hapa Njombe, nina miaka 36 na watoto watatu. Tangu mwaka jana nachoka hadi naona aibu. Nikipanda kilima cha kwenda shuleni, moyo unadunda kama nimekimbizwa. Nikifumua nywele, nyingi zinabaki mkononi. Darasani nasahau nilikuwa naandika nini ubaoni. Nimekwenda hospitali mara kadhaa. Malaria hakuna, VVU hakuna, sukari iko sawa, thairoidi iko sawa, damu ni 12.1 na nikaambiwa ni kawaida. Kilichoonekana ni taifodi tu. Nimemaliza dozi mbili na sasa nimeandikiwa ya tatu, ingawa sina homa. Mume wangu anasema nimezidisha kudeka. Mama mkwe anasema kuna mkono wa mtu. Shangazi, kama vipimo vyote viko sawa, naumwa kweli au nimeanza kuchanganyikiwa? Nimeambatisha picha za majibu yote, hadi ya 2021 kabla sijawekewa kitanzi. Na samahani kwa jambo la aibu: je, kula udongo kunaweza kuleta haya?
Mwalimu, Njombe

Marahaba mwanangu, na kamwene. Nianze na swali linalokunyima usingizi: hujachanganyikiwa. Mtu aliyechanganyikiwa hatunzi majibu ya maabara ya 2021.

Kabla ya kushika kalamu hii nilifanya kazi maabara, nyuma ya kile kidirisha mnachopenyezea fomu na kusubiri kuitwa. Ukiwa upande ule unajifunza jambo moja mapema: mashine hujibu ilichoulizwa, kisha hunyamaza. Fomu inaingia imeandikwa malaria, sukari, FBP, yaani picha kamili ya damu. Haijaandikwa kwamba mwenye damu hii husimama katikati ya kilima akijifanya anafunga kamba za viatu. Sisi tunapima kilichoombwa, tunagonga muhuri, tunaita jina linalofuata. Ukirudi nyumbani ukasema vipimo vyote viko sawa, ujue umepimwa vile alivyovifikiria aliyejaza fomu, na kwa foleni zetu huenda alivifikiria kwa dakika tatu.

Halafu kuna ile mipaka iliyochapwa pembeni mwa majibu, ya chini na ya juu. Haikushuka kutoka mbinguni. Huchukuliwa watu wazima wanaoonekana wazima, wakapimwa, majibu yao yakapangwa, kisha asilimia 2.5 za chini kabisa na 2.5 za juu kabisa zikakatwa. Kinachobaki katikati, asilimia 95, ndicho kinachoitwa kiwango cha kawaida. Kwa hiyo katika kila wazima 20, mmoja hutolewa nje ya mstari bila kosa lolote, na mgonjwa naye anaweza kukaa ndani ya mstari kwa raha zake. Maabara nyingi za huku kwetu hutumia mipaka iliyokuja na mashine kutoka kiwandani, iliyopatikana kwa kupima watu wa kwingine. Ni msaada mkubwa, sisemi tuitupe. Lakini inaeleza kundi. Haikujui wewe.

Wewe unajulikana na karatasi yako ya 2021. Nimeikuza picha hadi nikaisoma: damu ilikuwa 13.9. Sasa ni 12.1. Aliyeishika karatasi ya mwaka huu peke yake aliona namba iliyo juu ya 12, ambayo ndiyo mpaka wa Shirika la Afya Duniani kwa mwanamke asiye mjamzito, akaandika kawaida. Mimi ninayezishika zote mbili naona mwanamke aliyepoteza karibu sehemu moja ya nane ya wingi wa damu yake, na hakuna aliyemuuliza imekwenda wapi.

Tena unaishi Njombe. Mji wenu uko zaidi ya mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, na kwenye mwinuko huo hewa ni nyepesi, kwa hiyo mwili hutengeneza damu nyingi zaidi ili upate oksijeni ya kutosha. Ndiyo maana shirika hilohilo linaelekeza kwamba kwa wanaoishi juu ya mita 1,500, kabla ya kulinganisha na ule mpaka wa 12, namba ya damu ipunguzwe angalau nusu gramu. Toa nusu kwenye 12.1 yako uone unabaki na ngapi. Ile 12.1 ingekuwa ya mwanamke wa Tanga, ningenyamaza kidogo. Kwa mwanamke wa Njombe sinyamazi.

Hata kama damu ingekuwa imetosha, bado kuna kitu hakikupimwa. Kipimo cha wingi wa damu kinahesabu kilicho kwenye mzunguko leo; akiba ya madini chuma hakiigusi. Ni sawa na kuchungulia sufuria ya ugali jioni na kusema nyumba ina chakula, wakati ghalani limebaki gunia la mwisho. Chembe nyekundu huishi siku 120 hivi, na mwili hutumia akiba yote kuzitengeneza mpya kabla ya kukubali kuonyesha upungufu. Katika kipindi hicho chote mtu anaweza kuchoka, akapumua kwa shida akipanda mlima, nywele zikakatika, akili ikawa nzito, na karatasi inasema sawa. Kwenye karatasi yako upo mstari mmoja mdogo uitwao MCV, ukubwa wa chembe nyekundu. Wako ni 80, palepale kwenye ukingo wa chini. Mstari huo hausomwi sana. Mimi ndio ninaouangalia kwanza.

Kipimo cha akiba kinaitwa feritini. Hakipo kwenye zahanati. Hospitali kubwa na maabara za binafsi mjini wanacho, na bei yake uiulize kabla hujachomwa sindano. Kiombe kiambatane na CRP, kipimo cha uvimbe na maambukizi mwilini, kwa sababu feritini hupanda mtu akiwa na maambukizi na kukudanganya kuwa akiba ipo. Na hapa, mwanangu, kuna mtego wa pili. Karatasi nyingi huchapa mpaka wa chini wa feritini kwa wanawake kuwa 10 au 13 au 15. Ukipata 18, utaambiwa tena ni kawaida. Madaktari wengi huhesabu chini ya 30 kuwa ni upungufu, na Shirika la Afya Duniani lenyewe linapandisha mpaka hadi 70 kwa mtu mzima mwenye maambukizi au uvimbe.

Usidhani haya ni maneno ya shangazi tu. Mwaka 2003 jarida la kitabibu la Uingereza, BMJ, lilichapisha utafiti uliofanyika Uswisi kwa wanawake 144 waliokuja kwa madaktari wakilalamika uchovu, damu yao ikiwa haijapungua. Karibu nusu walipewa vidonge vya madini chuma kwa wiki nne, wengine wakapewa vidonge visivyo na kitu, na wenyewe hawakujua nani kapewa nini. Uchovu wa waliopata madini ulishuka kwa asilimia 29. Wa wenzao kwa asilimia 13. Waliofaidika ni wale ambao feritini yao ilikuwa 50 au chini yake. Ndiyo, hata vidonge vitupu vilipunguza uchovu kidogo, nami sikufichi: kusikilizwa nako ni tiba. Lakini tofauti ilibaki.

Sasa niulize ambacho hukuulizwa. Tangu uwekewe kitanzi, hedhi yako imebadilikaje? Kitanzi cha madini ya shaba ni njia nzuri ya uzazi wa mpango, ila kwa wanawake wengi huongeza damu ya mwezi. Ukibadilisha pedi kila saa moja au mbili, ukitoka mabonge, ukivuka siku saba, ukiamka usiku kubadilisha, hiyo ni nyingi, hata kama dada zako wote wako hivyo. Usikitoe kwa hasira ukarudi hapa na ujauzito wa nne. Rudi kliniki ya uzazi wa mpango ueleze. Zipo dawa za kupunguza damu siku za hedhi, na zipo njia nyingine za kubadilisha. Waombe pia utrasaundi, maana uvimbe kwenye kizazi nao huweza kumwaga damu kimyakimya na lawama ikaenda kwa kitanzi.

Na udongo. Usione aibu, wanawake wangapi wananunua vile vipande sokoni na kuvificha kwenye mkoba! Hamu ya udongo, au ya kutafuna barafu, au mchele mbichi, ni dalili inayofahamika ya upungufu wa madini chuma. Umeuliza kama udongo ndio unaoleta haya. Mara nyingi mwendo ni wa kinyume: upungufu ndio unaoleta hamu, kisha udongo unazuia chakula kisitoe madini yake, na wakati mwingine unaingiza mayai ya minyoo. Akiba ikijaa, hamu huondoka bila vita. Chai nayo tuisogeze. Najua naongea na mtu wa Njombe, mashamba ya chai yako dirishani. Kunywa, lakini saa moja au mbili mbali na chakula, kwa kuwa chai inayoteremshia ugali na maharage huzuia madini chuma yasifyonzwe. Badala yake kula chungwa au pera.

Sasa usiende duka la dawa kununua zile chupa za kuongeza damu. Kwanza pima, kwani ukianza dawa kabla ya kipimo utaivuruga feritini na hatutajua tulianzia wapi. Upungufu ukithibitika, daktari atakuandikia vidonge, na umuulize kuhusu kumeza siku moja na kuruka moja. Tafiti za Zurich zimeonyesha kuwa kwa wanawake wenye akiba ndogo mwili hufyonza vizuri zaidi hivyo, na tumbo husumbuka kidogo. Choo kitakuwa cheusi, usiogope. Nguvu huanza kurudi ndani ya wiki chache, ila akiba hujaa kwa miezi mitatu au zaidi. Wengi huacha wanapopata nafuu, nao ndio wanaoandika barua kama yako mwaka unaofuata.

Ukienda, usianze na neno uchovu. Kila mtu kwenye benchi lile amechoka, daktari mwenyewe amechoka. Anza na unachoshindwa: zamani nilipanda kilima bila kusimama, sasa nasimama mara mbili. Weka karatasi ya 2021 na ya mwaka huu pamoja mezani. Sema mambo ya hedhi kabla hujaulizwa. Kisha uliza: ni kitu gani bado hakijapimwa?

Inawezekana nimekosea njia, feritini ikaja imejaa. Basi tutaangalia kwingine: usingizi, dawa unazotumia kila siku, na sonona. Nalitaja hili la mwisho bila kuzunguka. Sonona huja kwetu ikiwa imevaa mwili: mgongo, kichwa, uchovu, moyo kwenda mbio. Kuambiwa una sonona si kuambiwa unajifanya; ina tiba. Jiulize kama vitu vilivyokufurahisha bado vinakufurahisha. Na ukianza kupungua uzito, kutoka jasho usiku, kukohoa zaidi ya wiki mbili, kupata choo cheusi kabla ya vidonge, au kukosa pumzi ukiwa umekaa, usisubiri jibu langu wala la mtu yeyote, nenda siku hiyohiyo.

Mumeo mpe ukurasa huu asome. Kama amezoea kukuona unaamka saa kumi alfajiri, unachota maji, unafundisha darasa la watoto themanini na kupika jioni, basi anapokuona umekaa ana haki ya kushangaa, ila hana haki ya kukuita mdekaji. Mama mkwe usibishane naye. Mwambie utapima kwanza. Akitaka kukuombea, akuombee. Sala haichafui damu. Pesa ya mganga ndiyo iwe ya feritini.

Imebaki taifodi. Kipimo walichokufanyia ni Widal, cha tangu 1896, nacho hutafuta askari wa mwili na si mdudu mwenyewe. Kwenye nchi ambako wengi wetu tumekwishakutana na mdudu huyo au ndugu zake, askari hao hubaki damuni muda mrefu, na majibu ya 1:80 kama yako huonekana hata kwa mtu mzima kabisa. Hukuwa na homa, dozi mbili hazikubadilisha kitu. Kabla hujanunua ya tatu, rudi kwa aliyekuandikia umwombe damu ioteshwe maabara ionekane kama mdudu yupo.