Safari ya Mwanga Ndani ya Skrini: Somo la Uigaji wa Kitarakimu

1.0 Utangulizi

Katika matatu za nambari 58 ziendazo Buruburu, abiria aliyeketi mkabala na skrini huiona picha ikiwa na rangi kamili. Mwenzake aliyebanwa pembeni aghalabu huiona imefifia, hasa skrini ikiwa ya aina ya zamani. Kosa si la macho yake. Chanzo ni njia ambayo mwanga hupitia ndani ya skrini. Makala hii inaeleza njia hiyo, jinsi inavyokokotolewa kwa kompyuta, na kwa nini somo hili linaihusu lugha ya Kiswahili.

2.0 Fuwele Kioevu

Mwaka 1888, Friedrich Reinitzer, mtaalamu wa mimea wa Austria, alichunguza dutu itokanayo na kolesteroli na kuona kwamba ilikuwa kana kwamba inayeyuka mara mbili. Katika nyuzijoto 145.5 iligeuka kimiminiko chenye ukungu, katika 178.5 ukungu ukatoweka. Hali hiyo ya kati ndiyo fuwele kioevu: molekuli zake hutiririka kama maji, lakini hudumisha mwelekeo mmoja kama fuwele.

Mwaka 1970, Martin Schadt na Wolfgang Helfrich walibuni kifaa chenye vioo viwili vilivyofunika fuwele hiyo. Molekuli zilizo karibu na kioo cha chini hulala upande mmoja, na za kioo cha juu hulala kwa pembe ya nyuzi 90. Zilizo katikati hujipanga kama ngazi ya mzunguko. Nje ya kila kioo kuna kichujio kinachopitisha mwanga unaotikisika katika mwelekeo mmoja tu. Mwanga hufuata ngazi hiyo na kugeuka. Umeme ukiwashwa, molekuli husimama wima, ngazi huvunjika, na mwanga haugeuki tena. Hivyo ndivyo tarakimu nyeusi hutokea kwenye kikokotoo cha mwanafunzi.

3.0 Namna ya Kukokotoa

Kuiga kitarakimu ni kuigawa njia ya mwanga katika hatua ndogondogo. Ngazi ya nyuzi 90 yaweza kugawanywa katika tabaka 30, kila moja ikigeuka nyuzi 3. Kwa mbinu aliyoibuni R. Clark Jones mwaka 1941, kila tabaka huwakilishwa na matriki ya nambari nne. Matriki hizo huzidishwa kwa mfuatano ili kupata mwanga unaotoka. Kisha tabaka huongezwa hadi jibu likome kubadilika. Mkokotoaji asiyefanya jaribio hilo la mwisho hana sababu ya kuliamini jibu lake.

Fuwele isipotiwa umeme na mwanga ukiingia wima, ipo kanuni ya mkato ya kulinganishia. Tuseme k ni unene wa fuwele, w ni urefu wa wimbi, na t ni tofauti kati ya viwango viwili vya fuwele vya kupinda mwanga:

u = 2kt ÷ w
M = sin²(90° × √(1 + u²)) ÷ (1 + u²)

M ni sehemu ya mwanga isiyogeuzwa. Chukua k kuwa mikromita 4.76 na t kuwa 0.1 kwa rangi zote. Kwa mwanga wa kijani (w = mikromita 0.55), M hukaribia sufuri. Kwa buluu (0.45) ni takriban asilimia 4.7, na kwa nyekundu (0.65) ni asilimia 3.9. Basi katika skrini ambayo vichujio vyake ni sambamba, weusi uliokusudiwa huvuja buluu na nyekundu, ukawa na dalili ya zambarau.

Kwa abiria wa pembeni, kanuni hii haitoshi, maana mwanga umeingia mshazari. Hapo hutumika mbinu ya Dwight Berreman ya mwaka 1972, yenye matriki za nambari 16. Pale ambapo molekuli hubadilika ghafla kati ya nukta moja na nyingine ya picha, hutumika mbinu ya Kane Yee ya mwaka 1966, inayogawa nafasi pamoja na wakati.

4.0 Suala la Istilahi

Katika mitaa ya Umoja, Kayole na Dandora, neno "kioo" hubeba mzigo mkubwa: ni kioo cha kujitazamia, cha dirisha, cha kugusa juu ya simu, na hata skrini yenyewe. Mteja asemapo "kioo kimepasuka", fundi hana budi kuuliza ni kipi. Katika simu ambazo sehemu hizo hazijagandishwa pamoja, kubadilisha kioo cha juu ni kazi moja, na kubadilisha skrini ni kazi nyingine yenye gharama yake. Utata wa neno waweza kumtoa mteja fedha zisizostahili.

5.0 Hitimisho

Imebainika kwamba hesabu iliyo hapo juu yaweza kufanywa kwa kikokotoo cha kawaida, ambacho nacho huonyesha jibu kupitia fuwele ile ile. Imebainika pia kwamba Kiswahili kinaimudu hesabu hiyo. Linalosalia ni wanafunzi wa lugha na wa sayansi kukaa pamoja na mafundi, wakubaliane juu ya jina la kila sehemu, kabla kila mmoja hajazoea lake.