Mvi Hutoka Wapi?

Mwalimu wa usharika mmoja ametuletea swali ambalo kwanza tulilidhani dogo. Katika watu wake yupo kijana wa miaka 28 ambaye nywele zake zimeanza kuwa nyeupe kando ya masikio. Wengine husema kwamba ametupiwa kitu na baba yake mdogo kwa ajili ya shamba; wengine hunong'ona kinyume chake, ya kuwa kijana mwenyewe amekula miaka ya wazee wa ukoo. Basi kijana huyo hunyoa kichwa chote kila Jumamosi kabla ya kupambazuka, na yeye na baba yake mdogo hawasalimiani tena. Mwalimu auliza: Je, mvi ni ugonjwa, au ni uzee tu, au ni neno gani? Tumeona ni afadhali tumjibu mbele ya wote, maana hatudhani kwamba manong'ono haya yako katika usharika mmoja.

Yatupasa kwanza kujua unywele ni kitu gani. Unywele tuuonao nje ya ngozi hauna uhai, ndiyo sababu twaukata pasipo kusikia maumivu. Uhai wake uko chini, katika kijifuko chembamba kilichozama ndani ya ngozi. Mwisho wa kijifuko hicho umevimba kidogo kama kitunguu kichanga, na hapo chembe za mwili huzaliwa upesi upesi, zikisukumana kwenda juu, zikikauka na kushikamana, hata zitokeze nje zikiwa unywele. Kichwani pana vijifuko kadiri ya 100,000. Unywele hukua kadiri ya sentimita 1 kwa mwezi, na nywele zetu za Kiafrika hukua polepole kidogo kuliko hapo.

Vijifuko hivi vina majira yake kama shamba. Kila kimoja hufanya kazi muda wa miaka 2 hata 6, kisha hunywea kwa majuma 2 au 3, kisha hupumzika kadiri ya miezi 3. Unywele wa kale hung'oka na mpya huanza kuota. Lakini havipumziki vyote pamoja. Kwa hiyo mtu hupoteza nywele 50 hata 100 kila siku, wala kichwa chake hakionekani kupungua. Msomaji na akumbuke majira haya, maana habari yote ya mvi imo humo.

Sasa tuseme juu ya rangi. Pale penye kitunguu wamo watenda kazi wa namna nyingine, ndizo chembe zitengenezazo rangi iitwayo melanini, ile ile iliyo katika ngozi zetu. Hutengeneza punje ndogo sana za rangi na kuzigawia chembe za unywele kabla hazijakauka. Ziko melanini za namna mbili: moja ni nyeusi au ya hudhurungi, na moja ni ya wekundu na umanjano, na rangi zote za nywele za wanadamu zatoka katika kuchanganya hizi mbili kwa vipimo mbalimbali. Rangi nyeupe haimo. Unywele mweupe ni unywele usiogawiwa rangi. Huonekana mweupe kama povu la mto lilivyo jeupe, ingawa maji yenyewe hayana rangi. Wala rangi ya majivu haimo. Mtazame mzee mwenye kichwa cha majivu karibu sana, nawe utaona nyingi ni nywele nyeusi na nywele nyeupe zilizochanganyika.

Kwa nini basi kazi ya kutia rangi hukoma? Kijifuko kinapoingia katika mapumziko, wengi wa watia rangi wale hufa. Majira mapya yanapoanza, wapya huhitajiwa, nao hutoka katika akiba iliyowekwa juu kidogo, katika ukuta wa kijifuko kile kile. Mlimaji wa kahawa atalifahamu neno hili mara moja: ni kama kitalu. Kila majira miche michache hutolewa kitaluni na kupelekwa shambani, na mingine hubaki ili kuzaa miche zaidi. Kitalu kikipungukiwa, unywele waendelea kuota vema, lakini wakosa rangi.

Mwaka 2005 Emi Nishimura na David Fisher pamoja na wenzao walionyesha jambo hili katika panya na katika nywele za watu. Chembe za akiba hupungua kwa kadiri ya umri, tena baadhi yake hugeuka na kuanza kutengeneza rangi pale pale zilipowekwa, mahali ambapo hazina faida, kama mche uliozaa kitaluni. Mwaka 2023 kundi la Mayumi Ito katika New York lilitazama panya tena, likaona kwamba chembe za akiba huwa na desturi ya kwenda na kurudi kati ya kitalu na kitunguu, lakini kijifuko kikizeeka nyingi hukwama kitaluni. Katika vijifuko vilivyozeeshwa kwa kung'olewa nywele mara nyingi, zilizokwama ziliongezeka kutoka 15 hivi katika 100 hata kufika karibu nusu. Wengine walikwisha kuonyesha mwaka 2009 kwamba katika nywele zenye mvi hukusanyika peroksidi ya haidrojeni, dawa ile ile ichujushayo nywele madukani. Mwili wenyewe huitengeneza kidogo kidogo, na ujanani una njia ya kuivunja.

Kwa maelezo haya twaweza kupima maneno ya watu. Husemwa kwamba ukiung'oa unywele mweupe mmoja, kumi huja kuuzika. Si kweli, kila kijifuko kiko peke yake wala hakina habari ya jirani yake, ila kukin'goa mara nyingi kwaweza kukiharibu kabisa. Husemwa pia kwamba mtu aweza kulala na nywele nyeusi akaamka na nyeupe, kama ilivyosimuliwa juu ya Marie Antoinette, malkia wa Ufaransa, aliyekatwa kichwa mwaka 1793. Lakini unywele uliokwisha kutoka nje umekufa, na rangi iliyomo haiwezi kukimbia usiku mmoja. Upo ugonjwa ambao nywele hudondoka upesi, na zile zenye rangi hutangulia kudondoka. Mtu aliyekuwa na mchanganyiko hubakiwa na nyeupe tu, na wamtazamao husema zimegeuka.

Hata hivyo tusiseme kwamba mashaka ya moyo hayana neno na mvi. Mwaka 2020 wataalamu wa Harvard walionyesha ya kuwa panya akitaabishwa sana, mishipa ya fahamu humwaga kitu kiitwacho noradrenalini karibu na kitalu, na chembe za akiba huamka zote pamoja, zikaisha. Mwaka 2021 Martin Picard na wenzake walichunguza nywele za watu 14, sehemu kwa sehemu toka ncha hata shina, wakaona nywele chache ambazo zilikuwa nyeupe kisha zikarudishiwa rangi. Mtu mmoja alikuwa na nywele 5 zilizorudia weusi wakati ule ule alipokwenda kupumzika. Asitumaini mzee wa miaka 70 kwamba likizo itamrudishia kichwa cha ujana. Jambo hili lilionekana katika nywele zilizokuwa mpakani tu. Lakini kwa kijana aliyeacha kusalimiana na jamaa zake, twaona kwamba uhasama wenyewe hauwezi kumsaidia.

Sasa turudi kwake. Mvi huanza kwa Wazungu wengi katikati ya miaka ya thelathini, kwa watu wa Asia mwishoni mwa thelathini, na kwa Waafrika katikati ya arobaini. Kwa Waafrika huhesabiwa kuwa zimewahi zikija kabla ya miaka 30; kwa hiyo mvi za kijana huyu zimewahi kweli. Sababu ya kwanza ya kuitafuta ni ukoo. Mwaka 2016 uchunguzi wa watu zaidi ya 6,000 wa Amerika ya Kusini na Kati ulionyesha urithi mmoja, uitwao IRF4, ulio na sehemu yake katika jambo hili, ingawa si wa pekee. Na aulize nyumbani, upande wa baba na upande wa mama vilevile, ni nani aliyewahi kuota mvi. Huenda akamkuta babu au mjomba ambaye habari zake zimesahauliwa kwa kuwa alikuwa akivaa kofia siku zote.

Ikiwa hakuna hata mmoja, na aende hospitali. Kupungukiwa na vitamini B12, iliyomo katika nyama, samaki, mayai na maziwa, huweza kuwahisha mvi, na baadhi ya hizo hurudi zikipata dawa. Tezi iliyo shingoni ikifanya kazi vibaya huweza pia; na mbalanga ikigusa ngozi ya kichwa huondoa rangi ya nywele zilizo hapo. Wavutao tumbaku nao huonekana kuota mvi mapema kuliko wenzao.

Liko jambo jingine tusilopenda mwalimu yeyote alichanganye na hili. Nywele za mtoto mdogo zikipauka na kuwa nyekundu, nyepesi, za kung'oka upesi, na miguu ikivimba, hizo si mvi wala si dawa ya mtu. Ni utapiamlo uitwao kwashiorkor, jina lililoandikwa na daktari Cicely Williams mwaka 1935 kutoka katika lugha ya Waga wa Gold Coast, ambayo sasa ni Ghana. Mtoto akitunzwa na kulishwa vema nywele mpya huota na rangi yake, hata unywele mmoja huonyesha mapande, sehemu iliyopauka kwa miezi ya njaa na sehemu nyeusi kwa miezi ya shibe. Mtoto wa namna hiyo apelekwe hospitali siku ile ile, asingojewe mpaka juma lijalo.

Na kwa wazee twasema neno moja. Katika nchi za kandokando ya ziwa Victoria wanawake wazee wameuawa kwa kusingiziwa uchawi, na ushahidi uliotajwa ulikuwa macho mekundu, ambayo moshi wa jikoni wa miaka mingi umeyafanya kuwa hivyo. Wasomaji wetu walijua agizo la Mambo ya Walawi sura ya 19 juu ya mwenye mvi, hatuna haja ya kulirudia.

Watu wengi siku hizi huficha mvi kwa kupaka rangi, wala hatuwalaumu. Lakini wajue kwamba hina safi hutia rangi ya wekundu na hudhurungi. Iitwayo hina nyeusi, na piko ya madukani, mara nyingi ina dawa iitwayo parafenilinidiamini. Dawa hiyo huwasha wengine, ikawatoa malengelenge na kuvimbisha uso; ikimezwa huvimbisha koo na kuharibu mafigo, kwa hiyo iwekwe mbali na watoto. Atakaye kuitumia apake kidogo nyuma ya sikio, angoje siku 2. Akiwashwa aache kabisa, maana mara ya pili huwa mbaya kuliko ya kwanza. Wala asipake nyusi na kope.

Kijana wetu, akipenda kunyoa, na anyoe, hata mchana. Ila wembe uwe wake peke yake, wala asiazime wa mwenzake.