Somo la 9: Kiwete Naye Anashikwa na Homa

Pita kwa mawazo katika nyumba za kijiji chako, moja moja. Pengine katika moja yao yuko mtu ambaye haendi hospitali kamwe. Si kwa sababu ana afya kuliko wengine. Ni kwa sababu hawezi kutembea, au haoni, au hasikii, na watu wa nyumba yake wamezoea kumwona hivyo. Somo hili ni kwa ajili yake, na kwa ajili yako unayekaa naye.

1. Ulemavu ni jambo moja, ugonjwa ni jambo lingine

Tutoe mfano. Binti mmoja alipooza miguu kwa polio alipokuwa mtoto mdogo. Sasa ana miaka 12. Asubuhi moja anakataa chakula, analala tu, mwili una moto. Mama yake anasema, "Ni ile miguu yake." Siku ya pili anasema vilevile. Kama kaka yake mwenye miguu mizima angalishikwa hivyo, baba angalimweka juu ya kinga siku ile ile na kumleta hospitali. Lakini binti huyu anangojeshwa mpaka siku ya nne, anapoanza kutetemeka na kusema maneno yasiyo na maana. Haikuwa miguu. Ilikuwa malaria, na tone moja la damu lingaliionyesha siku ya kwanza.

Polio yake ilikwisha zamani. Iliharibu mishipa inayoendesha miguu, kisha ikaondoka. Mbu hachagui miguu ya kuuma. Kwa hiyo shika neno hili: homa ya mwenye ulemavu ni homa. Kikohozi chake ni kikohozi. Apelekwe apimwe kabla siku moja haijapita, kama mtu mwingine yeyote.

Hata sisi watu wa hospitali tunakosa mara nyingine. Tunatazama mguu uliopinda, hatumtazami mgonjwa mwenyewe. Shirika la Afya Ulimwenguni (OMS) linasema kwamba duniani mtu mmoja kati ya 6 ana ulemavu mkubwa, na kwamba wengine kati yao wanakufa hata miaka 20 mbele ya watu wasio na ulemavu. Mara nyingi kinachowaua si kilema chao. Ni kuchelewa, na kukosa njia ya kufika kwenye dawa.

2. Usimfiche

Wengine wanamficha mtoto wao kwa haya, wakidhani ni laana au uchawi. Jua sababu zenyewe. Polio inaingia kwa kinywa, katika maji na chakula vilivyochafuliwa na mavi. Konzo inapoozesha miguu ya watu wanaokula mihogo michungu isiyolowekwa siku za kutosha, hasa wakati wa njaa. Upofu wa mtoni unaletwa na inzi wadogo weusi wanaozaa katika maji yanayokwenda mbio. Hakuna uchawi hapo. Wala aliyepooza zamani hawezi kukupa kilema chake mkila pamoja sahani moja.

Mtoto aliyefichwa anakosa pia chanjo ya surua, anakosa kupimwa uzito, anakosa chandarua. Ndipo ugonjwa wa pili unamkuta bila ngao.

3. Matunzo ya nyumbani

Asiyeweza kujigeuza kitandani, mgeuze kila saa 2, hata usiku. Anayekaa kitini siku nzima ajiinue kidogo mara nyingi kwa mikono yake. Kila siku tazama ngozi ya kiuno, matako na visigino. Ukiona mahali pamegeuka rangi, au pana moto, wala hapapoi, usipalalie tena. Mara nyingi mtu wa namna hii hasikii maumivu pale. Kidonda kinaweza kufika mpaka mfupa, na yeye asijue.

Mpe maji ya kunywa ya kutosha. Wengine wanamnyima maji ili wasipate kazi ya kumpeleka chooni. Hiyo ni hatari, kwa sababu mkojo mchache unaleta ugonjwa wa kibofu na wa figo.

Kipofu anaweza kutunza dawa zake mwenyewe. Funga uzi wenye fundo moja kwenye chupa ya asubuhi, na wenye mafundo mawili kwenye chupa ya jioni.

Kiziwi umsemeshe uso kwa uso, polepole, usifunike kinywa. Umwonyeshe kwa mikono, au umwandikie kama anajua kusoma.

Mwanamke kiwete mwenye mimba asizalie nyumbani. Pengine mifupa ya nyonga zake imepinda, na mtoto hatapata njia. Apimwe tangu miezi ya kwanza. Na yeye mwenyewe aulizwe habari zake, si yule aliyemsindikiza.

4. Njia na mlango

Ngazi moja ya mlangoni inaweza kumrudisha mgonjwa nyumbani. Kwa kila sentimeta 1 ya kupanda, fanyeni sentimeta 12 za njia ya mteremko. Basi ngazi ya sentimeta 30 inataka njia ya mita 3 na sentimeta 60. Chooni simikeni mti imara wa kushika. Kazi hii inafaa kwa hospitali, kwa shule, na kwa kanisa lenu.

Nchi yetu imeweka sheria ya tarehe 3 Mei 2022 ya kulinda haki za watu wenye ulemavu. Lakini sheria haina mabega ya kumbeba mtu. Katika Marko sura ya 2 tunasoma habari za watu wanne waliomchukua mwenye kupooza. Walipokuta mlango umejaa watu, hawakurudi nyumbani. Walitoboa dari.

Basi msingoje homa. Wiki hii pateni katika kijiji chenu watu wanne, na tipoyi iliyo tayari, na mwenye ulemavu ajue majina yao.

Maulizo

1. Ni nani katika kijiji chako asiyefika hospitali? Kwa nini?
2. Binti wa mfano wetu alipaswa kupelekwa siku gani?
3. Mlango wa kanisa lenu una ngazi ngapi?
4. Watu wanne wenu ni nani?