SOMO LA KIKUNDI: MOTO WA WAZEE NA MOTO WA KIBERITI



Somo hili ni la kikao kimoja. Mmoja asome kwa sauti, wengine wasikilize, halafu mjadiliane maswali yaliyo mwisho. Msiharakishe, maana jambo lenyewe linahusu uhai wa watu.

Siku hizi mtu akisikia moto na mila vikitajwa pamoja, mara moja anafikiria uchawi. Wengine wetu tulifundishwa kwamba kila kitu cha wazee wetu kilikuwa cha shetani. Wengine nao, nyumba ya mama mzee ikichomwa, wanasema, "Hiyo ni mila yetu." Hebu pande zote mbili zitulie kwanza. Tuangalie moto ulikuwa na kazi gani.

1. Moto uliunganisha watu

Kabla ya kiberiti kufika, moto ulikuwa kitu cha kuombana. Ukizimika kwako, unaenda kwa jirani kuomba kaa. Ndiyo sababu hata leo mgeni akikataa kuketi tunamwuliza, "Kwani umekuja kuchukua moto?" Mtu aliyekosana na kijiji kizima angepika wapi?

Kwa Wamasai, vijana wakifanywa rika jipya, wanawashiwa moto na wazee wa rika la pili juu yao, kwa kupekecha kijiti kiitwacho olpiron. Tangu siku hiyo wazee hao ni walezi wao. Wanawashauri na kuwakemea, na laana yao inaogopwa.

Huko Buganda, kuna moto langoni mwa jumba la Kabaka kule Mengo. Unatunzwa usiku na mchana maadamu Kabaka yu hai. Akifariki, watu hawasemi amekufa, wanasema moto umezimika.

Na hapa Naitiri tulivyochanganyika, Wabukusu, Watachoni, Wakabrasi na wengine waliokuja kutafuta mashamba, matanga yetu ni yale yale: moto unakokwa uani, watu wanakesha kando yake. Aliyefiwa haachwi peke yake gizani.

2. Moto ulibeba maombi na dalili

Majirani wetu Wakalenjin walichoma matawi ya miti maalum mahali pa sala, moshi ukapanda juu pamoja na maombi ya wazee.

Kule Makunduchi, kisiwani Unguja, kila Julai wanasherehekea Mwaka Kogwa, mwaka mpya ambao asili yake husemwa ni Uajemi. Kwanza wanaume wanapigana kwa mashina ya migomba ili chuki za mwaka uliopita ziishe. Kisha kibanda cha makuti kinatiwa moto, na wazee wanaangalia moshi unaelekea wapi ili wajue mwaka utakuwaje. Mnaweza kusema huo ni ushirikina. Lakini wenyewe wanaeleza pia kwamba kibanda kile kinawakumbusha watu: nyumba ya mwenzako ikishika moto, kimbia ukamsaidie. Kumbe ni somo la kujitegemea kama letu!

Sisi Wakristu nasi tunaujua moto wa namna hii. Katika Vijilia ya Pasaka padri hubariki moto mpya nje ya kanisa, akawasha mshumaa wa Pasaka, na kila mmoja akapokea mwanga kutoka kwa mwenzake.

3. Moto uliogeuka

Hatusemi kwamba zamani palikuwa na mema tu. Ziko jamii hapa Kenya zilizochoma watu kwa shutuma za uchawi, na hilo halikuwa jema hata likifanywa na wazee. Lakini yanayotokea katika nyakati zetu hayana hata baraza la wazee.

Mwezi wa Mei 2008, kundi la watu liliingia vijijini huko Kisii usiku na kuwachoma watu 11 hadi kufa, wanane wakiwa akina mama. Ilisemekana limepatikana daftari lenye kumbukumbu za mkutano wa wachawi, na majina ya watakaorogwa. Ninyi mnaoandika kumbukumbu za vikao mnajua vizuri: daftari linaweza kuandikwa na mtu yeyote. Oktoba 2021, akina mama wanne waliuawa hivyo hivyo huko Marani, Kisii. Tusijidanganye kwamba ni mambo ya Kisii peke yake. Kilifi pia wazee wenye mvi wameuawa kwa tuhuma hizi, na mara nyingi chini yake kuna ugomvi wa shamba.

Methali inasema, pafukapo moshi pana moto. Katika jambo hili methali hiyo imeponza wengi. Moshi wa kwanza ni maneno tu: "Mbona mtoto wake fulani alikufa ghafla? Mbona yule mama anatembea usiku?" Moto unawashwa baadaye, na vijana waliopewa mafuta ya taa.

Tukumbuke pia jambo moja la jikoni. Kule Usukuma, Tanzania, akina mama wazee wengi waliuawa kwa sababu ya macho mekundu. Macho hayo yalitokana na moshi wa miaka mingi, hasa wa kupikia kwa samadi kavu penye uhaba wa kuni. Mama amewapikia watoto na wajukuu mpaka macho yameharibika, halafu macho hayo hayo yanakuwa ushahidi wa kumwua.

4. Neno la Mungu

Someni Luka 9:51-56. Kijiji cha Wasamaria kilikataa kumpokea Yesu. Yakobo na Yohane wakataka moto ushuke kutoka mbinguni ukiteketeze. Yesu aliwageukia akawakemea, wakaenda kijiji kingine. Hao walikuwa mitume, na bado walikatazwa. Sisi nani ametupa ruhusa?

5. Kikundi kifanye nini?

- Mtoto akifa ghafla, wasaidieni wafiwa kupata maelezo ya daktari kabla maneno hayajaenea. Malaria na homa ya uti wa mgongo huua haraka.
- Mkisikia mtu anatajwa kuwa mchawi, msirudie jina hilo. Mwambieni liguru na chifu siku hiyo hiyo. Chini ya Sheria ya Uchawi ya 1925, kumtangaza mwenzako kuwa mchawi ni kosa. Kuchoma nyumba ya mtu makusudi kunaweza kukufunga maisha.
- Mzee aliye hatarini asiachwe alale peke yake. Pangeni zamu.
- Andikeni majina ya wajane na wazee wanaoishi peke yao. Kila wiki wapelekewe kuni na maji, na mkae nao kidogo. Anayetembelewa na watu kumi ni vigumu kumsingizia.
- Mwezi ambao mchango wa mzunguko una nafasi, jengeni jiko la Maendeleo katika jikoni moja ya mzee, na mfungue dirisha moshi utoke.

Maswali ya kujadiliana

1. Moto ulikuwa na kazi gani katika boma la babu na bibi yako? Ipi tungependa kuirudisha?
2. Ni nani kijijini kwetu ambaye hakuna anayeenda kwake kuomba moto? Kwa nini?
3. Vijana wakija usiku na mafuta ya taa, nani kati yetu atasimama mlangoni? Tumekubaliana?

Swali la tatu msilimalize kwa maneno. Mwandishi aandike majina na namba za simu kwenye daftari la kikundi kabla ya sala ya kufunga.