Jina la Faili na Hatima ya Matini: Hatari ya Kuhifadhi Majina Marefu kwa Programu za Zamani, kwa Mifano ya Ufipa

Utangulizi

Mtafiti anayerudi kutoka Sumbawanga huleta vitu viwili: matini alizozikusanya, na maelezo yanayoonyesha kila matini imetoka kwa nani, wapi na lini. Kwa miaka mingi maelezo hayo yaliandikwa juu ya bahasha au jalada la daftari. Mfumo wa Windows 95 ulipotolewa tarehe 24 Agosti 1995, yalianza kuhamia katika jina la faili lenyewe, kwa kuwa sasa jina liliweza kufikia herufi 255. Chini ya MS-DOS jina lilikuwa na herufi nane, nukta, na herufi tatu za mwisho, basi.

Makala haya yanajadili hatari iliyofuatana na nafasi hiyo, yaani kutengeneza nakala za akiba za mafaili yenye majina marefu kwa kutumia programu saidizi zilizoundwa kabla ya majina hayo kuwako. Hoja inayotetewa ni kwamba hasara haiwi sawa kwa lugha zote. Muundo wa kirai nomino cha Kiswahili unaifanya kuwa kubwa zaidi, na matini za Ufipa zinaonyesha jambo hilo vizuri.

Jinsi jina refu linavyowekwa

Windows 95 haikuliondoa jina fupi. Kila faili lenye jina refu lilipewa pia jina la pili la mtindo wa MS-DOS: herufi sita za mwanzo baada ya kuondoa nafasi, alama ya kiwimbi, na tarakimu. Jina refu liliandikwa kando, katika vijisehemu vya ziada vya saraka, kila kimoja kikibeba herufi 13. Vijisehemu hivyo vilitiwa alama nne kwa pamoja, yaani ya kusomwa tu, ya kufichwa, ya mfumo, na ya jina la diski. Programu za zamani hazikuutarajia mchanganyiko huo, na kwa kawaida ziliuruka.

Mbinu hiyo ilikuwa ya busara, lakini ndiyo chanzo cha tatizo. Programu isiyoliona jina refu haiwezi kulinakili. PKZIP 2.04g ya mwaka 1993, kwa mfano, ilifungasha yaliyomo katika faili bila kasoro yoyote na kuliacha jina refu nyuma. Amri ya XCOPY ilikuwa na sura mbili: ikiendeshwa ndani ya dirisha la Windows 95 ilihifadhi majina marefu, lakini kompyuta ikiwashwa katika hali ya MS-DOS pekee, amri hiyo hiyo iliyapoteza. Baadhi ya programu za kukagua na kupanga upya diski zilikwenda mbali zaidi, kwani zilivihesabu vijisehemu hivyo kuwa makosa na "kuvitengeneza" kwa kuvifuta.

Mwanzo wa jina na mwisho wake

Ichukuliwe mifano mitatu ya kubuni. Masimulizi ya asili ya utawala wa Ufipa yanamtaja mkuu wa Milansi aliyekuwako kwanza, kisha wanawake wa Kitwa waliofika kutoka nje wakautwaa utawala. Baadaye utawala wa Watwa uligawanyika katika falme mbili, Nkansi na Lyangalile. Roy Willis, aliyefanya utafiti huko kati ya 1962 na 1964, aliyapa masimulizi hayo nafasi kubwa katika maandishi yake. Mtafiti aliyeyarekodi sehemu zote tatu anaweza kuyapa mafaili yake majina haya: "Masimulizi ya asili ya utawala Milansi.doc", "Masimulizi ya asili ya utawala Nkansi.doc" na "Masimulizi ya asili ya utawala Lyangalile.doc". Baada ya kupita katika programu ya zamani yanabaki MASIMU~1.DOC, MASIMU~2.DOC na MASIMU~3.DOC.

Kilichopotea si urefu tu. Katika Kiswahili nomino kuu hutangulia, na vijalizo vinavyoibainisha hufuata. Anayeandika jina kwa sarufi ya kawaida huanza na aina ya matini na kumalizia na mahali au mtu, yaani anatoka kwenye lile linalofanana kwenda kwenye lile linalotofautisha. Mkato hubakiza mwanzo na kutupa mwisho. Katika Kiingereza, ambamo kibainishi aghalabu hutangulia nomino, mafaili hayo hayo yangeweza kubaki MILANS~1, NKANSI~1 na LYANGA~1, na hasara ingevumilika. Tena, nomino za Kiswahili huanza na viambishi vya ngeli, hivyo hata hizo herufi sita hazitumiki zote kwa maana. "Msamiati wa malungu" na "Msamiati wa kintengwe", yaani tanuri refu la kuyeyushia chuma na lile dogo la kukisafishia, yote mawili huwa MSAMIA. "Ngano ya" yoyote ile huwa NGANOY, herufi ya sita ikiwa ni mabaki ya kihusishi. Jina la mji lenyewe halikusalimika: Sumbawanga, ambalo husimuliwa kuwa lina maana ya "tupa uchawi", likikatwa huwa SUMBAW, agizo la kutupa linabaki, na uchawi unaotupwa unapungukiwa.

Hatari iliyo kubwa kuliko kupotea

Jina lililopotea hujulikana kuwa limepotea. Jina lililohamia kwenye matini nyingine halijulikani, na hili ndilo linalostahili kuhofiwa zaidi.

Tarakimu ya jina fupi haina uhusiano wowote na yaliyomo. Hutolewa kwa kufuata mfuatano wa mafaili kuingia katika folda. Katika mfano uliotolewa, Milansi iliingia kwanza, kisha Nkansi, kisha Lyangalile. Nakala ya akiba ikatengenezwa kwa programu ya zamani. Baadaye folda ikahamishiwa kompyuta nyingine kwa njia ya Windows, mafaili yakaingia kwa mpangilio wa alfabeti. Majina marefu yamefika salama, lakini majina mafupi yametolewa upya: sasa MASIMU~1 ni Lyangalile, MASIMU~2 ni Milansi, MASIMU~3 ni Nkansi. Siku faili moja linapoharibika, mtafiti anairudisha ile akiba. Programu inauliza kama iandike juu ya faili lililopo, naye anakubali, kwa sababu kurudisha akiba ndiko huko. Matini ya Milansi inaandikwa ndani ya faili linaloitwa kwa jina fupi MASIMU~1, na jina refu lililoshikamana nalo, lenye neno Lyangalile, linabaki palepale.

Kinachoonekana kwenye skrini ni folda kamili yenye majina matatu sahihi. Kumbe kila jina lina matini ya mwingine. Msimuliaji wa upande wa Milansi na wa upande wa Watwa hawana sababu ya kuusimulia ujio wa Watwa kwa namna moja, maana ni suala la nani alikuwa na haki ya kutawala. Mchambuzi atakayelinganisha matini hizo baada ya miaka ataweka dai la mmoja kinywani mwa mwingine. Sumbawanga iko zaidi ya kilomita 1,000 kutoka Dar es Salaam kwa barabara, na mzee aliyesimulia huenda hayupo tena wa kuulizwa.

Dawa iliyotolewa na mipaka yake

Microsoft yenyewe iliitambua hatari hii, ikaweka katika diski ya Windows 95 programu ndogo iitwayo LFNBK. Kwa amri ya /b iliyaondoa majina marefu yote na kuyaorodhesha katika faili la LFNBK.DAT, mtumiaji akaendesha programu yake ya zamani, kisha kwa /r majina yakarudishwa. Sharti lake lilikuwa zito: mpangilio wa folda ukibadilika katikati, majina ya sehemu iliyobadilika hayakurudi. Orodha hiyo pia ilikaa katika diski ile ile iliyokuwa ikifanyiwa kazi, sawa na kuufungia ufunguo wa akiba ndani ya sanduku lenyewe.

Disketi zilikuwa na kikwazo chao. Saraka kuu ya disketi ya MB 1.44 ina nafasi 224. Kila jina katika yale matatu ya Ufipa linahitaji nafasi tano, nne za jina refu na moja ya jina fupi, kwa hiyo disketi hujaa kwa mafaili 44 hata kama matini ni fupi kiasi gani. Waliokutana na ujumbe wa kujaa kwa disketi iliyo karibu tupu hawakulaumika kurejea kwenye majina mafupi.

Msaada wa Windows 95 ulikoma mwishoni mwa mwaka 2001, lakini mafaili yake bado yamo katika disketi na CD za watafiti, na anayeyapokea leo hukuta safu ya MASIMU na METHAL. Pa kuanzia ni tarehe ya mwisho ya kuandikwa kwa faili, ambayo programu nyingi za zamani ziliihifadhi hata zilipopoteza jina. Hiyo hulinganishwa na shajara ya uwandani. Tarehe ya Januari 1980 ipuuzwe, kwani kwa kawaida ni dalili ya kompyuta iliyokuwa na betri ya saa iliyokufa. Kisha isomwe matini yenyewe. Pale ambapo mtafiti aliandika mahali, msimuliaji na tarehe katika mstari wa kwanza wa matini, kama ilivyokuwa desturi ya daftari, utambuzi ni kazi ya dakika moja. Pale alipoliamini jina la faili peke yake, hubaki ushahidi wa lafudhi, majina ya vijiji yanayotajwa, na upande ambao msimuliaji anaupa haki. Na ushahidi huo wa mwisho hauwezi kutumika kuthibitisha asili ya matini ambayo itatumiwa baadaye kuthibitisha upande huo huo.