Maumivu ya Neva: Dawa za Kupaka na Kubandika
Kijitabu cha elimu kwa watu wazima

Maumivu haya yakoje?

Malengelenge ya mkanda wa jeshi hukauka, lakini baadhi ya wagonjwa hubaki na maumivu kwa miezi mingi. Hata shati likigusa ngozi, wanahisi kuungua. Mwenye kisukari naye anaweza kuhisi nyayo zikiwaka moto usiku, au zikichomwachomwa kama kwa sindano. Kidonda hakionekani, kwa sababu zilizoathirika ni neva zenyewe. Maumivu yakizidi miezi 3, huitwa sugu. Visababishi vingine ni VVU, ukoma, pombe nyingi, upungufu wa vitamini B12 na baadhi ya dawa, kama isoniazidi ya kifua kikuu.

Nani anafaa kutumia dawa hizi?

Yule ambaye maumivu yake yako sehemu moja anayoweza kuionyesha kwa kiganja. Dawa hubaki zaidi kwenye ngozi, na kinachoingia kwenye damu ni kidogo. Kwa hiyo si rahisi kuleta usingizi na kizunguzungu, kama vinavyoweza kufanya vidonge vya amitriptilini au gabapentini. Hilo ni muhimu kwa wazee na kwa wanaotumia dawa nyingi.

Jeli ya diklofenaki inayouzwa maduka ya dawa ni ya viungo na misuli. Usitarajie itulize neva.

Plasta ya lidokeini (asilimia 5)

Lidokeini hutia ganzi na kuzuia neva kupeleka ishara za maumivu. Hutumika hasa kwa maumivu yanayobaki baada ya mkanda wa jeshi.

- Bandika kwenye ngozi kavu isiyo na jeraha. Nywele zikatwe kwa mkasi, zisinyolewe kwa wembe.
- Plasta inaweza kukatwa ilingane na sehemu inayouma. Usizidishe plasta 3 kwa wakati mmoja.
- Ikae saa 12, kisha ngozi ipumzike saa 12.
- Ukiibandua, ikunje upande wenye gundi ndani na uitupe mbali na watoto. Bado ina dawa nyingi.
- Midomo ikifa ganzi, masikio yakivuma au ukipata kizunguzungu, ibandue na uende kituo cha afya.
- Mwenye ugonjwa wa moyo au ini amweleze daktari kabla ya kuanza.

Kapsaisini

Hiki ndicho kiini cha ukali wa pilipili. Mwanzoni huwasha ngozi, kisha neva za hapo huchoka kupeleka ishara za maumivu. Krimu ya asilimia 0.075 hupakwa kidogo mara 3 hadi 4 kwa siku. Ngozi huwaka siku za mwanzo, na nafuu huchukua wiki kadhaa. Anayepaka siku moja moja huambulia mwasho tu. Nawa mikono kwa sabuni baada ya kupaka. Kama uliyopaka ni mikono, subiri dakika 30 ndipo unawe. Usiguse macho, wala usioge maji ya moto karibu na muda wa kupaka.

Ipo pia plasta kali ya asilimia 8. Hiyo hubandikwa na mhudumu wa afya aliyefunzwa: dakika 30 miguuni, dakika 60 kwingineko. Hairudiwi kabla ya miezi 3 kupita.

Usisage pilipili ya jikoni ukaipaka. Kipimo chake hakijulikani, na inaweza kukuunguza.

Yasiyosahaulika

Si kila mtu hupata nafuu, na anayeipata mara nyingi hubakiwa na maumivu kiasi. Dawa hizi hazitibu chanzo. Mwenye kisukari aendelee kudhibiti sukari na akague nyayo kila siku, kwani mguu wenye ganzi unaweza kuungua bila yeye kuhisi.

Nenda hospitali mapema iwapo:

- una malengelenge mapya ya mkanda wa jeshi; dawa za virusi hufaa zaidi zikianzwa ndani ya saa 72;
- mguu au mkono unaishiwa nguvu;
- umepata kidonda mguuni na una kisukari;
- mkojo au choo vinakutoka bila kujijua.